Mkono wa Mjomba

Neno tunalolitumia ni kunadi. Waziri kamnadi fulani, sheikh kamnadi fulani, msanii kapanda jukwaani kumnadi fulani. Ni neno la mnadani, la mtu aliyesimama juu ya kasha, ameshika shati la mtumba kwa ncha za mabega na anaapa kwamba halina tundu. Ukikaa Kibiti mwaka wa uchaguzi utalisikia mpaka likuishe ladha. Yako na mengine: kumuunga mkono, kumwombea kura, kumpa baraka. Anayebebwa kupita kiasi husemwa kabebwa kwa mbeleko, kama mtoto ambaye miguu yake haijakomaa. Halafu wazee wetu wakatuachia methali inayoharibu biashara nzima: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kama chema chajiuza, mbona wanadi hawaishi? Kwenye uchaguzi mkuu naelewa, mtu anakipigania chama chake. Kinachonishangaza ni kura za maoni. Pale wagombea wote ni wa nyumba moja. Wamevaa kijani ileile, ilani yao ni moja, hata nyimbo zao ni zilezile. Kwa nini mtu mwenye heshima zake ajitokeze mbele za watu aseme "mimi namtaka huyu," akajitengenezea mahasimu watano kwa mpigo, na wote watano ni jamaa zake wa kuonana nao msikitini Ijumaa?

Swali hili nimekaa nalo miaka kumi, kwa sababu mjomba wangu alikuwa mmoja wa watu wanaoombwa mkono.

Hakuwa waziri wala tajiri. Alikuwa nahodha. Ukubwa wake ulikuwa wa mtoni. Mto Rufiji ukikaribia baharini unagawanyika vipande vipande, na katikati ya vipande hivyo kuna visiwa na mikoko na mashamba ya mpunga yenye madungu ya kulindia ndege na nguruwe. Kata za huko, Msala, Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi, Salale, kwenye karatasi ni za Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji. Sehemu nyingi za huko huzifiki kwa miguu. Barabara ni maji, na maji yana ratiba yake ambayo hayamuulizi mkuu wa wilaya. Mjomba aliijua ratiba hiyo kama mimi ninavyojua ratiba ya vipindi shuleni. Alibeba boriti, mpunga, wagonjwa, maiti, walimu wapya wanaolia, na kila baada ya miaka mitano alibeba wagombea. Alipokuwa nchi kavu alisoma maulidi na kusuluhisha kesi za mipaka ya mashamba. Akisema neno, watu wa visiwa viwili vitatu walilifikiria kabla ya kulala.

Mwaka 2015 wanachama wote wa CCM wenye kadi walipiga kura za maoni, kwa hiyo visiwa vyenye watu vilikuwa na thamani. Wagombea wa ubunge wakamiminika. Nilikuwa likizo, niliwaona. Kila mmoja alishuka na maneno yake na furushi lake. Siku hizi furushi halina jina. Kulikuwa na wakati lilikuwa na jina zuri kabisa, takrima, na kuanzia mwaka 2000 sheria iliitambua kama ukarimu wa kawaida wa Mwafrika, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inagusa hata mchujo wa ndani ya vyama. Sukari ikaendelea kuvuka maji. Mkono mtupu haulambwi, na mjumbe wa shina naye ana watoto.

Mjomba alipokea sukari ya wote, akaigawa kwa wajane, akamnyanyulia mkono mmoja. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, mfanyakazi wa Dar es Salaam. Uwanjani, mbele ya watu, mjomba alisimama naye bega kwa bega, akaushika mkono wake wa kulia na kuuinua juu. Mtu akapiga picha. Baadaye ilisafishwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa sebuleni, pembeni ya saa.

"Shikamoo mjomba," nilimwambia jioni ile. "Yule amekupa nini?"

"Marahaba mama. Amesukuma."

Ikabidi nimuulize mke wake. Akanieleza kwamba mgombea yule alifika siku za maji mafu, mashua ikakwama kwenye tope kule ndani ya mlango wa mto. Wagombea wengine waliowahi kukwama walikaa juu kusubiri, wakipiga simu zisizoshika mtandao. Yule alivua viatu, akakunja suruali, akashuka kwenye tope mpaka mapajani, akasukuma pamoja na mabaharia. Basi.

"Basi tu?"

"Na baba yake," mke wa mjomba akaongeza huku akipepeta mchele, "ndiye aliyemkopesha mjomba wako mbao za mashua ya kwanza. Hakuzidai."

Alitaja sababu mbili, ya tatu hakuitaja, maana ile nyumba nzima iliijua. Miaka miwili kabla, binti yao, ambaye mimi namwita dada, alishikwa na uchungu usiku. Kituo cha afya kilichokuwa karibu kilikuwa mbali. Mashua yenye injini haikuwepo, mtumbwi ulikuwepo, na maji yalikuwa yametoka. Walikaa kwenye tope saa nne, mjomba ameshika upondo, anamsikia mwanawe. Dada alipona. Mtoto alizikwa kisiwani. Mgombea aliyesukuma ndiye pekee aliyetamka maneno "boti ya wagonjwa" kabla hajaulizwa.

Sasa hebu niambie, mjomba alimnadi kwa fadhila, kwa tabia, au kwa ahadi? Wachambuzi wa magazetini wangependa jibu moja. Mimi naona mambo hayo matatu yalikuwa yamesokotwa kama kamba ya katani, na ukivuta uzi mmoja unavuta yote. Tunawacheka viongozi wakubwa wakimnadi mtu "kwa maslahi", kana kwamba maslahi ni ugonjwa wa wakubwa. Maslahi ya mjomba yalikuwa mjukuu aliyezikwa.

Yule kijana alishindwa, tena vibaya. Kumbe baada ya visiwa kuna bara, kuna Bungu, kuna Jaribu, kuna Kibiti mjini, na huko mjomba wangu alikuwa mzee mmoja tu mwenye kofia.

Marekani kuna mzee mwingine wa namna hii, James Clyburn, mbunge wa South Carolina. Februari 2020 Joe Biden alikuwa ameshindwa kwenye mchujo wa majimbo matatu ya mwanzo, watu wameshaanza kumwandikia tanzia. Clyburn amesimulia kwamba alikuwa kwenye msiba kanisani, mama mmoja mtu mzima akamwita karibu, akamtaka amnong'oneze: wewe unampigia nani? Akamnong'oneza. Yule mama akamwambia kwamba watu wanasubiri kumsikia. Tarehe 26 Clyburn akatamka hadharani, tarehe 29 Biden akashinda jimbo lile, na kutoka pale akaenda mpaka Ikulu. Napenda sehemu ya msibani kuliko ya Ikulu. Ndivyo ilivyo kwetu pia: mtu hamnadi mgombea kwa sababu tu mgombea kaomba. Mara nyingine ni watu wake mwenyewe ndio wanaomsukuma, wamechoka kubahatisha, wanataka mtu wanayemwamini abebe lawama.

Lakini Rufiji ina historia ya kukaidi baraka za wakubwa, na sijui kwa nini hatuisimulii zaidi. Mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Walipanda jukwaa moja, mikutano ikiandaliwa na chama. Hakuna aliyeruhusiwa kutumia kabila, dini wala rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba Mwalimu Nyerere au TANU inamtaka yeye. Kunadiwa kwa jina la mkubwa kulipigwa marufuku kwa kanuni. Rufiji aligombea Bibi Titi Mohamed. Huyu ni yule mwimbaji wa ngoma ya Bomba aliyezungukia nyumba za Dar es Salaam miaka ya hamsini akiwaandikisha wanawake kwa maelfu, kiongozi wa kwanza wa wanawake wa TANU, aliyesimama na Nyerere jukwaa baada ya jukwaa. Kama kuna mtu ambaye picha zake zingetosha kumnadi, ni yeye. Warufiji wakamnyima. Mwaka huohuo Mwanza ilimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha.

Babu yangu alipiga kura ile. Alipoulizwa alimpa nani, alijibu, "Mimi ni mkulima," na tukaachiwa tukisie kama alimaanisha jembe.

Kanuni ya 1965 ilijua jambo moja: mkubwa akimtaja mtu ndani ya nyumba, wengine hawagombei tena, wanasindikiza. Chama kimeendelea kukataza viongozi wake "kubeba" wagombea, na kila msimu karipio linarudi, jambo linalotosha kukuonyesha kwamba ubebaji haujakoma. Mwaka ule ule mjomba anainua mkono kisiwani, mambo makubwa zaidi yalikuwa Dodoma. Kabla ya hapo makundi kwa makundi, wachungaji, mashehe, wanafunzi, waendesha bodaboda, yalikwenda nyumbani kwa Edward Lowassa kumwomba agombee urais. Mzee Kingunge Ngombale-Mwiru, mtu wa TANU tangu ujana wake, mzaliwa wa Kipatimu huko ng'ambo ya mto wetu, alimuunga mkono waziwazi. Julai majina matano yakarudi na la Lowassa halimo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, wakatoka nje usiku na kuwaambia waandishi wa habari kwamba hawakubaliani na jinsi majina yalivyokatwa.

Tazama kilichofuata. Kingunge aliondoka CCM Oktoba ileile, akiwa na miaka themanini na mitano. Simba alifukuzwa uanachama mwaka 2017, baadaye akasamehewa. Nchimbi alipelekwa balozi Brazil, akapewa onyo, na kufikia Januari 2024 alikuwa Katibu Mkuu wa chama kilekile. Leo ni Makamu wa Rais. Mkono mmoja ulioinuliwa usiku mmoja, na kila aliyeuinua alilipa bei yake. Ndiyo maana siwaamini wanaosema kumnadi mtu ni kuropoka. Wengi wa wanaonadi hupiga hesabu ndefu kuliko za mgombea mwenyewe. Wanamnadi anayeshinda ili wakumbukwe. Au wanamnadi anayeshindwa kwa sababu deni la zamani haliwezi kulipwa kwa njia nyingine. Na wako wanaomnadi mtu kwa kuwa wanamwogopa yule wa pili. Hawa ndio wengi, na hawatakuambia.

Hofu nitaieleza kidogo, kwa sababu kwetu ilikuja kwa sura nyingine kabisa.

Kuanzia 2016, Kibiti na Rufiji watu walianza kuuawa. Wenyeviti wa vijiji, watendaji, viongozi wa chama wa ngazi za chini, walifuatwa usiku majumbani au njiani na kupigwa risasi. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi 8 kwa wakati mmoja. Bodaboda zikakatazwa usiku. Polisi wakaunda Kanda Maalumu ya Rufiji. Watu wakachukuliwa, wengine hawakurudi. Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo kwa gazeti la Mwananchi, alichukuliwa hapa Kibiti, na mpaka leo hajaonekana. Sisi tuliokuwa tunaishi hapa tulijifunza kulala mapema na kutojibu hodi. Mtaani kwetu bendera zilishushwa, mashati ya kijani yakawa matambara ya kudekia. Mtu aliyekuwa akijivunia kuitwa mwenyekiti aligeuza jina lake likawa "mzee wa samaki".

Siku moja kijana mmoja, kwa wema au kwa ubaya hatujui, alimwambia mjomba: "Mzee, ile picha yako ukutani, si unajua inaonekana mpaka nje?"

Mjomba aliishusha usiku uleule. Mke wake akaiweka chini ya sanduku la nguo. Juma lililofuata alivuka kwenda Mbagala kwa mwanawe, akakaa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, miezi minane. Nilipokwenda kumtazama aliniuliza habari za bamvua. Nikamwambia sijui, mimi niko bara. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mjukuu wake hajui kusoma.

Alikuwa hajawahi kuwa kiongozi. Hakuwa hata na cheo cha shina. Kilichomweka hatarini, kama kweli alikuwa hatarini, ni ule mkono. Nadhani watu wanaoandika kuhusu kunadi kutoka mijini husahau jambo hili: anayenadi hujitoa kwenye umati na kusimama mahali pa kuonekana, na anayeonekana huonekana na wote.

Alirudi kisiwani. Mwaka 2020 kura za maoni zilibadilika tena, safari hii walipiga wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo peke yao, Julai 20 na 21, na kura zikahesabiwa hadharani. Nchi nzima ikacheka na kulia. Watu waliogawa fedha walipata kura mbili, ya kwao na ya mke. Ndipo msemo ulipozaliwa: wajumbe si watu wazuri. Walidhani kwa kuwa kanuni imebadilika wataacha kumsumbua mjomba. La. Watatu kati ya wajumbe wa kata ile aliwafundisha yeye kushika usukani. Wagombea wakaja. Kila mmoja alimjibu jibu moja, kwa adabu zote, akisugua bega la kulia:

"Nina baridi yabisi, Mheshimiwa. Mkono haunyanyuki."

Bega halikuwa na tatizo lolote. Asubuhi yake nilimwona akivuta nanga.

Halafu, kama mtakumbuka, hata wajumbe hawakuwa neno la mwisho. Kawe, Dar es Salaam, Askofu Josephat Gwajima hakuongoza kura za wajumbe, lakini jina lililorudi kutoka juu lilikuwa lake. Vikao vina haki hiyo, kikatiba kabisa. Ila ukishajua hivyo unaelewa kwa nini mbunge mstaafu au mfanyabiashara mkubwa anamnadi mtu kwa sauti inayopita wajumbe waliokaa mbele yake. Anaongea na watu ambao hawako ukumbini.

Mwaka 2025 jambo likaingia ndani ya nyumba yetu. Dada, yule wa usiku wa tope, alichukua fomu ya udiwani. Sasa ni mama wa watoto wawili, ana duka la nyavu na mafuta ya injini, na ana mdomo. Ukoo mzima ukajua: mjomba atanyanyua mkono, baridi yabisi au hakuna baridi yabisi. Wajumbe wenyewe walikuwa wanangoja, kama yule mama wa Clyburn.

Jioni kabla ya wagombea kupitishwa kwa wajumbe dada akamkalisha baba yake ukumbini. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua dagaa.

"Baba, kesho usiseme kitu."

"Kwa nini?"

"Ukisema, nitakuwa diwani wako. Nikikosea watakuja kwako, nikipatia watasema ni wewe. Na wale wanne wengine, mmoja ni mtoto wa shangazi yake mama. Utaishi nao vipi?"

Mjomba akanyamaza muda mrefu. Mtu aliyekimbia nyumba yake miezi minane kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine, sasa anaombwa asimnadi wa kwake.

"Na wakiniuliza?"

"Waambie waniulize mimi."

Kesho yake alikaa safu ya nyuma na fimbo yake. Wagombea walisimama mmoja baada ya mwingine, dakika zao chache chache. Dada aliongea juu ya boti, na juu ya mafuta ya boti, na juu ya nani atalipwa kuiendesha saa nane usiku. Mtoto hakumtaja. Baadhi ya wajumbe waligeuka nyuma kumtazama mjomba. Alikuwa anatazama miguu yake.

Alishika nafasi ya pili. Kura sita. Shangazi zangu wamemlaumu mjomba mpaka leo, wanasema mkono ule ungeleta kumi. Huenda. Niliwahi kumuuliza dada kama anajuta, akaniambia anadaiwa pesa ya nyavu na watu wengi kuliko kura alizokosa, nimwache afunge hesabu.

Mshindi alikuja nyumbani wiki iliyofuata, amevaa kofia mpya, kuomba baraka za mzee kwa ajili ya kampeni za Oktoba. Mjomba akamkaribisha kwenye jamvi, akaagiza chai, akamwita dada aje akae. Akamwambia yule bwana: "Mimi siku hizi sinadi. Huyu ndiye mwenye maneno. Andika."

Dada akayataja. Boti. Injini mbili, moja ya akiba. Mshahara wa nahodha na wa msaidizi wake. Taa. Yule bwana akaandika kwenye simu, kichwa chini, kidole kimoja. Alipomaliza mjomba akamwomba asome alichoandika. Akasoma.

"Mafuta hujaandika," dada akasema.

Akaandika mafuta.